Masasi Iko Wapi?

Kikwajuni, Unguja
21 Agosti 2007

Mdogo wangu Pandu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mimi nimepandwa na hasira tangu Ijumaa na mpaka leo hazijanishuka. Sikukupigia simu makusudi. Kadi ingekwisha kabla sijafika kwenye lenyewe, na Ghalib siku hizi haondoki barazani kwangu, masikio kayatega.

Harusi ya Hafidha imepangwa, inshallah baada ya Ramadhani, Mfungo Pili mwishoni, na wakwe wameshakubali kila kitu. Beni inayomtangulia bwana harusi ni yetu, hilo halina mjadala. Mjadala ni nani atakuwa Kepteni, aiongoze ngoma mbele. Mimi nilisema, mbele ya watu wote, kwamba harusi ni ya mwanangu, beni aliiunda baba yangu, basi Kepteni ni mimi. Pandu! Wallahi walicheka mpaka mpiga tarumbeta akapaliwa na kahawa. Ghalib, mtoto wa ami yetu tuliyemlea kwa maziwa ya chupa humu humu ndani, akasema, "Kepteni bila bunduki ni mpishi tu kavaa kofia."

Nikamwambia, na wewe bunduki unayo? Akasema hana, lakini yeye ana filimbi. Filimbi ya baba! Aliichukua siku ya arubaini ya mzee eti aihifadhi, na sasa anaivaa shingoni kama hirizi. Tukabishana weee, mwisho akatamka mwenyewe, na watu wakasikia: nikija na bunduki kama ile ya mzee, nikaizungusha kwa mkono mmoja kama mzee, filimbi yangu.

Wewe ile bunduki hukuiona, ilikusanywa na serikali pamoja na silaha nyengine zote, na wewe hujazaliwa. Ndiyo ile iliyomo kwenye picha ya studio, nakuletea nakala. Itazame vizuri. Chini ya kitako ina mkono wa chuma wenye pete pana, vidole vinaingia. Ukiusukuma mkono ule mbele na kuurudisha, bunduki inajikoka. Mzee akiiita Bi Pete. Ilikuwa mbovu, haitoi hata moshi, lakini akiizungusha kwenye pete ile, ikapinduka hewani na kurudi mkononi kwa mlio wa "kacha!", wanawake walikuwa wakipiga vigelegele mpaka sauti zinakatika. Nilikuwa mdogo, nimekaa begani kwa mama. Sijasahau.

Basi nitafutie. Sitaki ya kweli, nitaifanyia nini ya kweli? Nataka ya kuigiza, lakini ya chuma na mbao, siyo plastiki. Mwaka jana umeniletea saa ya ukutani inayoadhini. Watu walioweza kuifanya saa ikaadhini, bunduki ya uongo itawashinda?

Usinambie una kazi nyingi. Najua una kazi nyingi.

Dada yako,
Swalha

* * *

Dengfeng, Guangzhou
8 Septemba 2007

Dada Swalha,

Waalaykum salaam. Barua yako Yasir alinipa aliposhuka kutoka huko nyumbani, nikiwa nimesimama njiani na mabunda ya mapazia begani, nikaisoma hapo hapo, watu wananipiga vikumbo. Huku hakuna kusimama, dada. Ukienda kiwandani wiki hii, wiki ijayo hakipo, kimevunjwa, pamepandwa ghorofa. Hata kulala ninalala miguu inakwenda.

Lakini nimeiona. Nimeishika kwa mikono yangu!

Kuna mzee mmoja wa kiwanda cha mapambo nilikutana naye Pazhou kwenye maonyesho ya biashara ya mwaka jana, nikinunua saa. Anatengeneza vitu vya kale vya kuigiza: dira, darubini, panga za kutundika ukutani. Nilimfuata mpaka kiwandani, nikamuonesha picha ya baba. Akaitazama sana. Kisha akafunga mlango, akafungua kabati, akatoa moja. Mbao nzuri, chuma kimepakwa kikaonekana cha zamani, na pete chini yake pana kama ulivyosema. Tundu la mbele limezibwa, hata punje ya mtama haipiti. Nikamwambia, laoban, yaani bosi, hii naichukua. Akasema, "Bu xing." Huku kila biashara huanza kwa bu xing. Ni kama muuza samaki wa Darajani anapokwambia "haiwezekani" huku keshakufungia. Nikapanda bei kidogo. Bu xing. Nikapanda tena, akashika kichwa, akazungumza maneno mengi ambayo sikuyaelewa, huku ananionesha dirishani. Nimemuacha afikiri. Nitarudi, atalainika.

Sasa wewe anza mazoezi, usisubiri. Yule laoban alinifundisha kidogo kwa ishara, nami nakuandikia.

Kwanza, adabu yake. Yeye mwenyewe, na anajua ni ya uongo, kabla ya kuishika aliielekeza ukutani, siyo kwangu. Nawe fanya hivyo hivyo, usimuelekezee mtu hata kwa mzaha, wala kidole kisiguse mahali pa kufyatulia. Pili, usianze kuzungusha. Kaa kitako, iweke mapajani, sukuma ule mkono mbele mpaka mwisho wake, urudishe mpaka mwisho wake. Ukiishia nusu unakwama, na ukikwama unabana vidole. Mimi kimenibana cha kati, bado kina damu ndani. Ukizoea umekaa, simama. Ukizoea umesimama, ndiyo uzungushe, na hapo siri ni moja: huishiki pete, unaiacha pete ikushike wewe. Ukiikamata kwa nguvu inakuvunja kiwiko.

Kwa kuanzia chukua mchi wa kinu. Mwambie fundi akupigilie pete ya chuma katikati, vidole vitatu viingie. Uzito wake haupishani sana.

Na Ghalib mwambie filimbi aioshe kabla ya kuirudisha.

Nduguyo,
Pandu

* * *

Kikwajuni
27 Septemba 2007, mwezi kumi na tano Ramadhani

Pandu,

Nimeumia, nimechoka, nina njaa ya saumu, na nina furaha. Sijui nianze wapi.

Fundi alipigilia pete kwenye mchi huku ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza na anaogopa jibu. Kila alasiri kabla ya kupika futari natoka uani. Nimekaa nao mapajani kama ulivyosema, nimesukuma nimerudisha, kama mwendawazimu anayebembeleza mchi. Kisha nikaona nimeiva, nikasimama nikauzungusha. Ukanitoka. Ukapita dirishani, ukaipiga ile saa yako ya adhana.

Saa haikufa, lingekuwa jambo jepesi. Imechanganyikiwa. Inaadhini inapojisikia. Juzi iliadhini saa tisa mchana kwa sauti yake ile kubwa, na jirani wa nyuma alishatia tende mdomoni. Sasa hanisemeshi. Nimeifunga kwenye mto na kuitia sandukuni, na humo sandukuni bado inaadhini.

Hafidha analia. Anasema, "Mama, wakwe watasema nini, mama mzima unarukaruka na bunduki mbele ya wanaume?" Nikamwambia, wakwe watasema mama yake Hafidha ni binti wa Kepteni. Alijifunika shuka. Inaniuma, Pandu, usidhani hainiumi. Lakini mimi nimepika kwenye kila harusi ya ukoo huu, nimekaa nyuma ya moshi huku beni inapita mbele, na najua kila hatua na kila wimbo kuliko hao wanaume. Sikuwahi kutaka kitu changu. Hiki nakitaka.

Na jana, sikiliza, jana uliniitika. Sikuushika. Niliuacha unishike. Ukaenda, ukapinduka, ukarudi mkononi. Hakukuwa na mtu wa kuona ila paka.

Leta Bi Pete. Siku zinakimbia.

Swalha

* * *

Dengfeng
21 Oktoba 2007

Dada,

Eid mubarak, ingawa imepita. Ninayo! Iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye pazia la maua. Laoban aliponiuzia alikuwa akitokwa na jasho, akasema bu xing yake mara ya mwisho na kunisukuma nje ya mlango wa nyuma. Sijawahi kuona mtu anauza kwa uchungu namna ile. Nadhani aliipenda.

Ijumaa ninaitia kwenye kasha la mapazia, ije kwa ndege kutoka uwanja wa Baiyun, isubiri harusi badala ya harusi kuisubiri.

Duka la pili kutoka langu yuko dada mmoja Mkongo wa Bukavu, jina lake Élise, anauza nywele na simu. Ni mtu mwema, mkali kama wewe. Nilimuonesha nikidhani atafurahi. Akarudi nyuma mpaka akagonga rafu, akaniambia, "Pandu, kwetu bunduki haiko kitu ya kucheza." Nikamueleza habari ya baba na beni, akanisikiliza, lakini hakuigusa. Nimemuahidi nitamuonesha mchana kweupe, nje, jinsi inavyozungushwa, aone kwamba ni ngoma tu.

Nimejifunza, dada. Naizungusha mara tatu mfululizo. Laiti ungeniona.

Pandu

* * *

Kikwajuni
5 Novemba 2007

Pandu,

Kasha la mapazia limefika. Nimetoa pazia moja moja, nimekung'uta kila moja, nimeingiza kichwa mpaka chini. Hamna kitu.

Simu yako haiiti. Yasir amerudi, nimemfuata mpaka kwao, akanambia "Pandu mzima, Pandu ana shughuli," huku anazungumza na viatu vyake. Namjua Yasir tangu anatambaa, hajui kusema uongo. Basi nimekaa nikafikiri, na nimeelewa.

Ghalib amekupigia. Mmezungumza wanaume kwa wanaume. Mmeona haya ya dada yenu mzee kutembeza mchi barabarani, na mmekubaliana: mpe maneno matamu, mpe mafunzo kwa barua, muache achoke mwenyewe. Na mimi mjinga nikakaa uani nikivunjika viwiko!

Kama hutaki niwe Kepteni ungesema. Ningelia siku moja, yangekwisha. Hili la kunifanya nisubiri sitolisahau.

Ghalib ameanza kufanya mazoezi na filimbi nje ya dirisha langu.

Swalha binti Kepteni

* * *

Guangzhou, 12 Novemba 2007

Dada Swalha,

Jambo sana. Mi ni Élise, jirani ya Pandu pa Dengfeng. Barua yako mi ndiye nilifungula, unisamehe, juu ya vile Pandu haiko hapa. Alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Dada asijue, atavunjika roho." Lakini vile nilisoma hasira yako, nikasema hapana, huyu mama anamuonea kaka yake.

Pandu iko mikononi mwa polisi. Balimukamata na ile bunduki yenu mbele haijaingia kwa kasha; mapazia ni Yasir alituma.

Ile siku alitoka nayo nje, mchana, mbele ya duka yangu, kunionesha namna baba yenu alikuwa anacheza. Nilimuambia, Pandu, rudisha hiyo kintu ndani. Akasema, ona kwanza. Akazungusha, mara moja, mara mbili. Dada, alikuwa anacheza vizuri, siwezi kudanganya. Bantu bakasimama, bengine banapiga makofi, bengine banakimbia. Mi nilikuwa kati ya wale banaokimbia, juu miguu yangu ilijifunza ile kazi kwetu zamani. Niliporudi, polisi bamefika. Hapa, hata bunduki ya uongo inakatazwa, kama inafanana na ya kweli. Yule laoban alikuwa anamuambia vile kila siku, bu xing, bu xing, na Pandu anafikiri ni bei!

Sasa shida ni moja. Kila siku banamuuliza jambo moja tu: masasi iko wapi? Pandu anasema hajui. Banarudi tena: masasi iko wapi? Ye anasema hajawahi kuona masasi maisha yake yote. Hawamuamini. Banasema mutu mwenye ile bunduki hawezi kukosa kujua. Balipekua chumba yake, duka yake, hata duka yangu, banatafuta masasi tu.

Mi niko naenda kumuona kila banapokubali. Iko na afya, lakini haketi. Anatembea toka ukuta mpaka ukuta. Ananiuliza kama harusi ingali, na kama wewe ungali unafanya mazoezi.

Uombe. Na mi niko naomba, kwa njia yetu.

Élise

* * *

Kikwajuni
19 Novemba 2007

Binti yangu Élise,

Mungu akulipe. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma nalia, halafu nasimama kwa hasira. Nimemtuhumu mdogo wangu naye yumo ndani kwa ajili yangu. Ningejua, ningevunja ule mchi nikaukokea moto. Bunduki mwambie siitaki tena. Filimbi achukue Ghalib, aimeze akitaka. Nataka Pandu arudi, basi.

Sasa hilo la Masasi. Nimelifikiri sana na nataka umfikishie maneno yangu kama nilivyoyaandika.

Pandu! Masasi unapajua! Kwa nini unawaficha watu wa serikali? Ulikaa Masasi msimu mzima ukinunua korosho, na uliporudi ulikuwa umenona. Hujawahi kuona Masasi maisha yako yote, we Pandu? Na yule Kuluthumu uliyekuwa ukimtumia vitenge, alikuwa wa wapi, wa Makka? Kama umeoa Masasi ukatuficha, mimi nimesamehe, leo hii, na mamaako kaburini amesamehe. Mwanamke si haramu. Lakini usife kifungoni kwa kuona haya! Sijui Wachina wamepata wapi habari za Masasi, labda bunduki hizi huko zinatafutwa, labda kuna muhalifu wa Masasi anayefanana na wewe. Lakini mtu akiulizwa mahali anapopajua, husema.

Élise, na kwa kuwa hao mabwana wanataka kujua Masasi iko wapi, nimechana ramani kutoka kitabu cha jiografia cha Hafidha, nimeizungushia kalamu nyekundu. Iko Mtwara, kusini, karibu na Msumbiji, wala si pa kupotea. Wape. Waambie mimi Swalha, dada yake, mtu mzima, nashuhudia kwamba Masasi ipo, na kwamba Pandu alikwenda kwa ajili ya korosho tu, na huyo mwanamke.

Yasir anaondoka leo usiku, nimemkabidhi mkononi. Nimemsamehe naye.

Dada yenu,
Swalha

* * *

Guangzhou, 27 Novemba 2007

Dada Swalha,

Barua hii anakuletea Pandu mwenyewe. Kama unaisoma, basi iko mbele yako. Mulishe kwanza, halafu usome.

Sasa ukae chini, dada. Sisi Bukavu, masasi ni ile nyinyi munaita risasi. Ile inaingia ndani ya bunduki. Polisi balikuwa banamuuliza risasi iko wapi. Mi sikujua kama kwenu kuna muji inaitwa vile! Nani anaweza kuita muji risasi?

Nilifungula ramani yako pale pale nje ya ofisi ya polisi, nikasoma barua, nikasoma tena, nikaketi chini kwa ngazi na nikacheka mpaka mulinzi akaniletea maji. Nilikuwa sijacheka tangu bamukamate. Nikaingia nayo. Nikamuonesha Pandu kupitia kioo, na yeye akainama. Nilifikiri analia. Dada, alikuwa anacheka, machozi inashuka. Alisema jambo moja tu: "Dada yangu amechana kitabu cha Hafidha."

Mukubwa wa polisi akataka kujua ile karatasi ni nini. Mutu wa kutafsiri akajaribu kumueleza, akashindwa, akaanza tena. Mukubwa akaangalia ile duara nyekundu wakati murefu. Hakucheka. Akaikunja, akanirudishia kwa mikono mbili, kwa heshima.

Siyo ramani iliyomutoa, nisikudanganye. Fundi wao alifungula bunduki akakuta ni chuma tupu, masasi haiwezi kuingia hata ukilazimisha. Njo vile bakasema haiko muhalifu, iko mujinga. Lakini bunduki ilibaki kwao, na visa wameifuta. Lazima aondoke, na sijui kama bataacha arudi. Duka yake nitaichunga mimi, asiwaze.

Anaondoka na mufuko mmoja. Ramani iko ndani.

Na ile maneno yako ya kuvunja mchi, usiivunje. Alisema nikuambie vile, juu yeye ataona haya kukuambia.

Élise

* * *

Kikwajuni
9 Desemba 2007

Élise,

Salamu nyingi. Nimekaa barazani nakuandikia, na miguu haitulii. Kila gari la mizigo likipita nasimama. Watu huku wanatembea polepole mno, nilikuwa nimesahau. Nisipopata njia ya kurudi huko sijui nitafanya nini na mikono hii. Lakini leo siandiki hayo. Leo nakupa harusi.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri. Dada tangu nimefika alikuwa hazungumzii beni. Alinilisha, akaniuliza kama nimekonda, akaniuliza habari ya Kuluthumu nikamwambia aliolewa zamani na mwalimu na ana watoto, akasema "haya", basi. Asubuhi ya harusi alivaa kanga ya kupikia, akaingia jikoni. Nilimfuata. Nikamwambia, dada, nimekosa kukuletea. Akasema nisimkalie mbele ya moshi.

Beni ikajipanga. Ghalib mbele, kofia ya kijeshi, miwani myeusi, filimbi ya baba mdomoni. Akapuliza, ngoma zikaanza, bwana harusi na wenziwe nyuma. Mimi nilikuwa pembeni moyo umeninyong'onyea. Wakafika mbele ya mlango wetu. Hapo ndipo Kepteni husimamisha beni na kuuliza swali, watu wakaitikia, ndiyo desturi. Ghalib akaitoa filimbi, akauliza swali lile lile la miaka yote, kama tuko tayari, wakaitikia wachache, wengine wanakula karanga.

Na huko jikoni, Élise, ikatoka sauti.

"Masasi iko wapi?"

Watu wakageuka. Dada alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake ile ile ya kupikia, kichwani kavaa kofia ya baba iliyoliwa na nondo, mkononi mchi wenye pete. Nyuma yake wanawake wote wa jikoni. Kumbe wamepanga siku nyingi! Mtaa mzima ulikuwa unaijua habari ya ramani, ameihadithia mwenyewe kila nyumba, amejicheka kabla ya kuchekwa. Wanawake wakaitikia, "Iko Mtwara!"

"Pandu kaificha?"

"Hakuificha!"

"Masasi iko wapi?"

Safari hii barabara yote iliitikia. Mpiga tarumbeta aliishika sauti, ngoma ikageuka ikamfuata dada. Ghalib akapuliza filimbi, akapuliza tena, shingo imemvimba. Nani amsikilize? Dada akaja mbele yake, taratibu, akauelekeza mchi ukutani kwanza. Nilipoona vile nilishindwa kujizuia, Élise, nililia. Halafu akauzungusha. Ukaenda, ukapinduka, ukarudi mkononi, na pete ikagonga "kacha!" kama alivyoniandikia. Vigelegele! Akauzungusha wa pili, huo ukamponyoka ukamuangukia kidoleni mguuni. Akaruka kwa mguu mmoja, akaendelea kuimba. Beni yote nyuma yake ikadhani ni hatua mpya, nayo ikaruka kwa mguu mmoja, pamoja na bwana harusi.

Hafidha, bibi harusi aliyetakiwa kuinamisha uso, alifungua dirisha akacheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Wakwe zake nao walikuwa wakiitikia.

Ghalib alijikaza. Lakini ule wimbo unawasha. Nilimuona midomo inamcheza. Dada akamkaribia usoni, akamuuliza yeye peke yake, kwa sauti ndogo, "Masasi iko wapi?" Mtu hawezi kuitikia na filimbi mdomoni. Akaitoa, akapiga kelele, "Iko Mtwara!" na kabla hajairudisha, dada alikuwa ameshaichukua.

Ameivaa mpaka leo. Anapikia nayo. Akitaka chumvi anapuliza.

Nilikaa mle ndani kwa polisi nikiwaza kwamba nimeharibu kila kitu kwa ajili ya mchezo. Sasa watoto wa mtaa wananipita wakiniuliza Masasi iko wapi, nami nawajibu. Asante kwa kuja kuniona. Asante kwa kurudi siku ile baada ya kukimbia.

Pandu

Binti yangu Élise, ni mimi Swalha, nimemnyang'anya kalamu. Huyu hakuandika lililo muhimu: tunakungoja. Njoo wakati wowote, chumba kipo, na saa ya adhana nimeitoa sandukuni imetulia kidogo. Kwetu utacheza bila kukimbia, nakuahidi. Nywele lete, simu lete, bunduki usilete. Na ukishuka uwanja wa ndege wakikuuliza kama umebeba masasi, usianze kueleza. Waambie Masasi iko Mtwara, wewe umekuja kwa dada yako Unguja.